Vikaratasi vya Keno na Daftari la Mwalimu



Mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika ukurasa wa tafakari, nalo ni namna mbalimbali za kujaza kikaratasi cha keno. Hatuandiki ili kumfundisha mtu kucheza, wala ili kurudia yale ambayo yamekwisha kusemwa mara nyingi mimbarini juu ya michezo ya pesa. Tunaandika kwa sababu mama mmoja wa jumuiya yetu alituletea swali ambalo hatukuwa tumelizoea. Hakutuomba tumkemee mumewe. Alituomba tumwambie kama hesabu za mumewe ni za kweli.

Mumewe ni mwalimu wa sekondari. Amefundisha miaka sita bila jina lake kuingizwa katika orodha ya walimu wanaolipwa na Serikali, na familia inaishi kwa ile sehemu ndogo ya michango ya wazazi ambayo shule humgawia, pamoja na mihogo na mafuta ya mawese anayouza mama. Si mlevi, wala hapigi kelele nyumbani. Jioni, akitoka kazini, hupitia kibanda cha pari karibu na soko, ambamo skrini huonyesha keno mpya kila baada ya dakika tano, na huko hukaa saa moja au mbili akiwa na daftari magotini. Mkewe alituletea daftari hilo. Tulikuta kurasa na kurasa za namba zilizoandikwa kwa mwandiko safi, makundi yaliyozungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na pembeni alama kama 3/3, 3/6, 1/9. Mmoja wetu alidhani ni maandalizi ya somo la darasani.

Zamu ya mama huyo katika likirimba ilikuwa inakaribia. Akina mama kumi na watano, kila mmoja faranga 20.000, jumla 300.000. Mwalimu alikuwa amemwambia mkewe kwamba pesa hizo, zikigawanywa katika vikaratasi kwa utaratibu alioupata, zingeifanya nyumba ipumue. Hakumnyang'anya. Alimwomba, tena kwa heshima, na akamweleza mpango wote kwa kalamu na karatasi kama anavyowaeleza wanafunzi. Mama akatuambia: "Mimi niliishia darasa la sita. Siwezi kumjibu. Ninyi mtazame, kisha mniambie."

Basi ilitupasa kutazama. Tulikaa jioni tatu katika chumba cha parokia, watu wanne, tukajifunza keno tangu mwanzo, kwa maana huwezi kumjibu mtu katika lugha usiyoisoma.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Kikaratasi kina visanduku 80, safu nane za visanduku kumi kumi, namba 1 hadi 80. Mchezaji hutia alama kwenye namba chache, mara nyingi kati ya moja na kumi, na kutaja dau lake. Kisha namba 20 hutolewa kwa kura, zamani kwa mipira ndani ya chombo, leo kwa mashine. Kadiri namba zako zinavyoonekana kati ya zile 20, ndivyo unavyolipwa, kwa kufuata jedwali lililobandikwa ukutani. Kwa hiyo kila namba, iwe 3 au 77, ina nafasi ileile: 20 katika 80, yaani moja katika nne. Tunawaomba msomapo yanayofuata mkumbuke robo hiyo, kwa maana mambo mengine yote yanatoka humo.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko skrini. Ulitoka China, ambako uliitwa tikiti ya njiwa mweupe, na mahali pa namba paliwekwa herufi 80 za mwanzo za kitabu kile cha herufi elfu ambacho watoto wa Kichina walijifunzia kusoma. Wafanyakazi wa Kichina waliuchukua mpaka Marekani katika karne ya 19, na katika miaka ya 1930, baada ya jimbo la Nevada kuruhusu kamari mwaka 1931, ukaingia katika majumba ya michezo ya mji wa Reno. Huko Marekani ndiko herufi zilipogeuka namba. Neno keno lenyewe ni la Kifaransa, kutoka quine, yaani namba tano zilizopatikana pamoja, neno ambalo wazee wetu waliosoma kwa masista wamepata kulisikia katika tombola za shule.

Na huko Nevada ndiko zilikozoeleka namna mbalimbali za kujaza, zile alizozinakili Mwalimu kutoka katika kanuni alizozisoma kwenye simu. Namna ya kwanza ni ya moja kwa moja: unatia alama namba zako, kwa mfano tano, unaweka dau moja, basi. Namna ya pili ni kugawa kikaratasi: makundi mawili au matatu katika karatasi moja, yametengwa kwa mstari au kwa duara, bila namba kurudiwa, na kila kundi lina dau lake. Hii kwa kweli ni vikaratasi viwili au vitatu vilivyoandikwa mahali pamoja ili kuokoa karatasi. Namna nyingine ni kumwachia mashine ichague. Mwalimu anaidharau hiyo kuliko zote. Anasema ni ya watu wasiofikiri.

Namna iliyojaza daftari lake ni ile ya njia nyingi, na hapo lazima tukae kidogo. Unachukua namba tisa na kuzigawa katika makundi matatu ya namba tatu tatu. Kila kundi peke yake ni dau: hayo ni matatu ya namba tatu, ndiyo maana ya 3/3. Kisha unaunganisha makundi mawili mawili, la kwanza na la pili, la kwanza na la tatu, la pili na la tatu: hayo ni madau matatu ya namba sita, 3/6. Mwisho unayaunganisha yote: dau moja la namba tisa, 1/9. Jumla ni njia saba ndani ya namba tisa tu. Upande wa kushoto wa alama ni idadi ya njia, upande wa kulia ni idadi ya namba katika kila njia. Kibanda cha kwetu hakina kikaratasi cha namna hiyo, kwa hiyo Mwalimu hununua tikiti saba moja moja, na karani wa dirishani, ambaye sasa anamfahamu, humwandalia mapema.

Kuna pia namba iitwayo mfalme. Ni namba moja iliyozungushiwa duara peke yake, inayoweza kuungana na kila kundi lingine katika karatasi. Kwa mfalme mmoja na makundi matatu njia huzidi kuongezeka, na ukurasa huanza kufanana na ramani ya mito. Mfalme wa Mwalimu ni 17. Ndiyo tarehe aliyozaliwa binti yake mkubwa.

Tukiri kwamba kazi ile ni nzuri machoni. Ina mpangilio, ina uvumilivu, na makosa yake ya kuhesabu ni machache kuliko yetu. Katika jioni ya kwanza sisi wenyewe tulisahau njia moja, naye katika daftari lake hakuwa ameisahau.

Lakini mama alikuwa ameuliza kama hesabu ni za kweli, na jibu lina sehemu mbili. Hesabu za njia ni za kweli. Hesabu ya pesa haimo katika daftari.

Tuanze na dau dogo kuliko yote, namba moja. Inatokea mara moja katika nne. Kibanda kinalipa mara tatu ya dau, kama ilivyo desturi hata Nevada. Ukicheza mara nne kwa faranga 500, umetoa 2.000, na kwa wastani umerudishiwa 1.500. Kibanda kimebaki na robo, wala hakikuhitaji kudanganya mtu. Tukahesabu namba mbili: zote mbili hutokea mara moja katika 16 au 17 hivi, na malipo yaliyozoeleka Nevada ni mara 12, hivyo katika kila faranga 100 hurudi kama 72. Namba tatu, ambazo hulipwa mara 42 zikitokea zote na kurudishiwa dau zikitokea mbili: tena kama 72. Unaweza kusogea kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine, na zaidi ya robo ya pesa itabaki palepale, nyuma ya dirisha. Kinachobadilika ni namna ya kuipoteza. Mwenye namba chache hupoteza polepole akipata vijishindo vya mara kwa mara, na mwenye namba nyingi hupoteza kwa ukimya mrefu akingoja tukio kubwa.

Sasa ziwekeni njia saba juu ya hayo. Mtu akinunua vitu saba ambavyo kila kimoja kina bei kubwa kuliko thamani yake, kuvifunga kwa kamba moja hakuvipunguzii bei. Karatasi ya njia saba ni dau mara saba: 500 imekuwa 3.500. Keno huja mara 12 kwa saa, hivyo 42.000 hupita mkononi kwa saa moja, na kwa jedwali la aina hiyo zaidi ya 10.500 kati ya hizo hazirudi, kwa wastani. Zile 300.000 za likirimba, zikichezwa kwa utaratibu wa daftari, na kila kinachorudi kikichezwa tena, zingekwisha chini ya saa thelathini. Ni jioni kumi na tano za saa mbili mbili. Majuma mawili na siku moja.

Kuna jambo la pili ambalo lilituchukua jioni nzima, na tunaona ndilo lililomponza mtu mwenye akili. Njia saba zinaonekana kama nafasi saba, kama mvuvi aliyetupa nyavu saba ziwani. Lakini nyavu zote saba zimetupwa juu ya samaki tisa walewale. Katika namba tisa, kwa wastani hutokea mbili na robo. Zikitawanyika katika makundi matatu, kila njia inabaki na njaa yake, na zote saba zinafungwa siku moja. Njia zinazokula chungu kimoja hushiba pamoja na kulala njaa pamoja. Vivyo hivyo kwa mfalme: katika keno nne, tatu anakuwa hayupo, na kila njia iliyomtegemea haiwezi tena kukamilika. Ama lile dau la juu, 1/9, la namba zote tisa kutokea, nafasi yake ni moja katika 1.380.688. Kwa keno ya kila dakika tano, usiku na mchana, bila Jumapili wala sikukuu, ni kama mara moja katika miaka 13.

Na hapa ndipo yule asiyefikiri, aliyemwachia mashine ichague kwa kubonyeza mara moja, anapokaa sawa kabisa na Mwalimu aliyejaza daftari kwa miaka miwili. Kwa idadi ileile ya namba na dau lilelile, nafasi zao ni sawa. Kura ya saa kumi na moja haikumbuki ya saa kumi, na namba iliyochelewa haina deni kwa mtu. Mwalimu anayajua hayo. Ni somo analofundisha katika darasa la sita la sekondari.

Tumelifikiria sana jambo hili, kwa sababu mara nyingi huhubiriwa kwamba kamari ni ya wavivu, ya watu wanaotaka kuvuna pasipo kulima. Wapo, hatukatai. Lakini tulichokiona katika daftari lile ni jasho. Kikaratasi cha keno kinamwomba mtu achague, apange, agawe, azungushie duara, ajumlishe njia, na vyote hivyo ni matendo ya busara, yaleyale anayoyafanya mama anayepanga matumizi ya mwezi. Mkono unafanya kazi ya uangalifu, na moyo unaamini kwamba uangalifu utalipwa, kwa maana ndivyo tulivyolelewa. Tunadhani ndiyo sababu namna za kujaza ni nyingi hivyo. Kikaratasi chenye kitufe kimoja tu kingemchosha mtu mwenye bidii. Ukimwita mvivu mtu wa namna hiyo, hatakusikiliza, naye atakuwa na haki.

Tulimwalika Mwalimu jioni ya tatu, mkewe akiwapo. Alikuja amevaa shati la kufundishia. Tulimwonyesha hesabu zetu, akazisahihisha mahali pawili, akasema ni sawa.

Kisha akauliza, kwa tabasamu la mtu aliyejiandaa: "Baba Prezida, mitume nao hawakupiga kura?" Mama mmoja wa Legio ya Maria alimjibu kabla ya wengine: "Walipiga, Mwalimu. Walisali kwanza, wakapiga mara moja, Mathia akapatikana. Nani aliyebaki na robo ya mfuko?" Akacheka, nasi tukacheka.

Lakini tulipomwuliza kwa nini anaendelea ilhali anajua, alinyamaza kitambo. Akatuambia kwamba faili lake la kuomba kulipwa amelipeleka mara tano. Mara ya kwanza ilikosekana picha. Mara ya pili jina la kuzaliwa halikulingana na la diploma. Mara ya tatu mhusika alikuwa safarini, na mara mbili zilizofuata hakuambiwa kitu. "Pale kibandani," akasema, "karatasi yangu inapokelewa, inasomwa, na baada ya dakika tano napewa jibu. Hata likiwa hapana, ni jibu."

Hakuna aliyekuwa na neno la haraka baada ya hapo. Mkewe alikuwa akitazama sakafu. Tunadhani ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, nambari 2413, haiuhesabu mchezo wa bahati kuwa kinyume cha haki kwa wenyewe. Inasema hauwezi kukubalika pale unapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa ajili yake na ya wengine, na inaonya kwamba shauku ya mchezo inaweza kuwa utumwa. Tulimsomea mahali hapo, polepole. Kipimo hicho hakiulizi mtu amejaza kwa namna gani, njia moja au saba, na mfalme au bila mfalme. Kinauliza pesa ile ilikuwa ya nini. Na ile ya likirimba ilikuwa na majina tayari: miezi miwili ya kodi ya nyumba, minervali ya yule binti wa tarehe 17, na mtaji wa mafuta. Tulimwomba Mwalimu mwenyewe ayaandike majina hayo, katika daftari lilelile, ukurasa unaofuata. Aliandika. Jumla ilikuwa 312.000, na mama akasema zile 12.000 anajua pa kuzitoa.

Kuhusu likirimba, akina mama walikubaliana kwamba kila mwenye zamu atapewa pesa yake mkononi mwake mwenyewe, mbele ya wenzake, na kwamba atataja matumizi matatu kabla ya kuipokea. Baadhi yao walinung'unika kwamba huo ni upelelezi wa nyumba za watu. Mjadala huo haujaisha, na pande zote mbili zina sababu zake.

Kuhusu faili, wazee wawili wa shirika letu, mmoja wao karani mstaafu, walikwenda na Mwalimu mara ya sita. Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane. Faili limepokelewa, safari hii kwa risiti yenye muhuri na tarehe, na watarudi naye mwezi ujao. Yeyote kati yenu anayeujua utaratibu huo vizuri kuliko sisi, tunamwomba aje baada ya misa ya pili.

Mwalimu bado hupita kibandani. Mkewe anasema sasa ni mara mbili kwa juma, kwa tikiti moja ya faranga 500, namba tatu, na kwamba anaporudi humwambia matokeo bila kuulizwa. Daftari liko kwake mama. Ameanza kuandika humo hesabu ya mafuta, upande wa nyuma, akitumia safu zilizokwisha kupigwa mistari.